Mizigo ya Ulaya Mje Muichukue

Nyie wanawake wa mtaa wetu huu wa Turffontein, hamna haya? Nani kawaambia mimi ni lori?

Mjukuu wangu Zuhura ananipeleka Roma siku tatu, kutembea na kutazama majumba ya kale. Basi leo tangu asubuhi ni hodi na vifurushi.
"Bibi, mpelekee mwanangu dagaa."
"Bibi, kanga hizi za dada yangu."

Na mimi nimepokea vyote! Tena kwa maringo, miguu juu ya stuli, kama vile ndege ni yangu.

Jioni Zuhura karudi kutoka kazini, kakuta sebule imejaa.
"Bibi, huyu wa dagaa anakaa wapi?"
"Norwei."
"Na wa kanga?"
"London. Tutampitia."

Kanifungulia ramani kwenye simu. Eish! Kumbe Ulaya si Tanga, ukishuka stendi unauliza tu kwa fulani ni wapi.

Halafu kanionyesha begi tunaloruhusiwa. Dogo, la mgongoni.
"Chagua, bibi. Dagaa au koti lako la baridi."

Na aliyetangaza safari kwenye harusi ya juzi kwa kipaza sauti ni nani? Mdomo wangu huu huu.

Haya, chekeni. Mkimaliza, kesho kabla ya adhuhuri kila mtu aje achukue chake. Dagaa watakaobaki nawakaanga.