Consolatha na Lensi Iliyokwenda kwa Dobi

Consolatha ni mtoto wa marehemu kaka yangu Benjamini, naye ndiye ninayeishi naye hapa mtaa wa Ng'ambo. Watu wakimwona anatoka asubuhi na koti jeupe hudhani ni nesi anakwenda hospitali ya Kitete. Siyo. Kazi yake ni kutunza mashine za maabara kule chuoni. Anazifuta, anazikagua, anazifunika, na anapanga nani atumie lini, maana mashine ni chache na wanaozitaka ni wengi: watu wa nyuki, watu wa mifugo, watu wa uuguzi. Wote chumba kimoja.

Kipenzi chake ni hadubini, ile ya kutazamia vidudu ambavyo macho matupu hayavioni. Nzuri ipo moja tu. Masika ukungu huota hata kwenye kioo, kwa hiyo ameiwekea kabati lenye balbu inayowaka ndani. Nilipoliona nilimwambia, "Wewe unalea vifaranga."

"Shangazi, afadhali vifaranga. Hii inakufa hata ikipumuliwa vibaya."

Mkuu wa chuo, Dokta Fauzi, ni mtoto wa hapahapa mjini, muungwana, ila kelele za walimu zilimchosha. Kila idara ilitaka hadubini ikae kwake. Akasema siku mtu akija kwenye zamu yake akaikuta haifanyi kazi, basi, chumba cha pamoja kimekwisha, anaipa idara moja. Siku hiyo Consolatha hakula. Mashine ikishaingia ofisini kwa mmoja, wengine watakuwa wanaisikia tu.

Sasa kuna mwalimu wa mifugo, Adinani, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani kwao. Mtani atachukua kitu chako, na harudishi mpaka ukikomboe kwa kuku. Kukasirika ni mwiko. Ijumaa moja akaingia maabara, akamkuta Consolatha ameifungua hadubini anaisafisha.

"Mpagazi wangu hujambo? Mizigo umeshatua?"

"Tulipoitua huko kwenu tuliwakuta mmelala. Mpaka leo hamjaamka."

Wakacheka. Consolatha alipogeuka kuchukua kitambaa, Adinani akaidaka lensi kubwa pale mezani, akaitia mfuko wa shati.

"Mateka! Lete jogoo, la sivyo huioni."

Akaenda zake anacheka. Binti akaja nyumbani amenyong'onyea. Jumatatu ilikuwa zamu ya uuguzi, na bila lensi ile hadubini haivioni vidudu vyao. Kumshtaki mtani kwa mkuu ni aibu, na jogoo hatuna. Nikamwambia, "Niachie mimi."

Asubuhi yake nikaenda nyumbani kwa Adinani. Viatu vyake vyote vilikuwa mlangoni. Nikavitia kikapuni, nikakaa kizingitini.

"Shikamoo, bibi. Mbona viatu vyangu?"

"Marahaba. Vilikuwa vyako. Toa lensi."

"Na jogoo wangu?"

"Jogoo ndiye mimi. Niwike?"

Akacheka sana, akaingia ndani kuitafuta. Alipotoka, kicheko kilikuwa kimekwisha. Shati alikuwa amelipeleka kwa dobi jana yake ileile, na lensi mfukoni.

Tukafuatana mpaka kwa Siwema dobi, yeye peku, mimi na kikapu changu, watu wanatutazama. Siwema akalitoa shati kwenye ndoo ya sabuni. Lilikuwa limelala humo usiku kucha. Akakamua mfuko, lensi ikatoka inachuruzika.

Consolatha aliipokea kwa viganja viwili. Hakumtukana mtu. Akaiweka kwenye joto la balbu, Jumapili hakwenda misa. Jumatatu akachungulia: sabuni imeingia ndani, kioo kimefanya utando.

"Sema imekufa yenyewe," Adinani akamwambia. "Vitu si vinakufa?"

"Haikufa yenyewe."

"Dada, watakunyang'anya chumba."

"Waninyang'anye. Twende."

Akaona haya, akamfuata. Mbele ya Dokta Fauzi, Adinani ndiye aliyesema kwanza, yote, mpaka ndoo. Dokta akawaita wakuu wa idara. "Nilisema nitaitoa. Haya, nani anaichukua?"

Mimi ningedhani watarukiana. Akasimama Marcelina wa uuguzi. "Zamu iliyoharibika ni yangu, basi nianze mimi. Mkinipa nitaiweka wapi? Nani atakuja Jumapili kuiangalia? Na ikiharibikia kwangu, wanafunzi watanificha jambo hilo mpaka mwezi uishe. Hapa imeharibika, na leo hii mwenye chumba na aliyeharibu wote wamesimama mbele yetu. Mimi naona ibaki kwa Consolatha."

Wengine wakaguna, lakini hakuna aliyeinua mkono kuiomba. Ikabaki.

Lensi mpya imeagizwa, haijafika. Wanafunzi wa uuguzi wana hasira, wengine wanampita Consolatha bila salamu, naye haniambii kwamba inamuuma, ila namwona. Adinani bado anamwita mpagazi tukikutana sokoni, naye anamrudishia. Maabara hapana, humo wanaitana mwalimu na dada. Na kila zamu inayofika, Consolatha anawafungulia mlango walewale wasiomsalimia, anawawekea kwenye hadubini lensi ndogo iliyobaki, anawaambia, "Tazameni kinachoonekana."