Arobaini Kabla ya Chakula cha Mchana

Mwanangu, siku ambayo mama yangu alitaka kuninyang'anya mtoto naikumbuka vizuri, hata rangi ya kuku aliyekuja naye. Alikuwa wa madoadoa.

Nilikuwa mwalimu pale Shelui, kijana bado, na shahada yangu ilikuwa ukutani kwenye fremu mpya. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa nchini, na malori yaliyosimama pale yalishusha vitu vya nje ambavyo hatukuwahi kuviota. Kwa dereva mmoja nikanunua gemu ya mapigano, nikaiunganisha na runinga ndogo iliyotumia betri ya gari. Binti yangu Neema, mwenye miaka minane, akapata shughuli, nami nikapata utulivu wa kuandika makala ya gazeti. Makala ilihusu maadili ya vijana. Runinga ilikuwa nyeusi na nyeupe, damu ikawa inatoka ya kijivu, nami nikajiridhisha kwamba damu ya kijivu haina madhara.

Basi mama akafika kutoka kijijini kwake Kinyangiri na kuku wake kapuni. Neema akamwamkia bila kugeuza shingo.

"Marahaba, mke mwenzangu. Za tangu asubuhi?"

"Nzuri, bibi. Nimeua arobaini."

Mama akaweka kapu chini, akavuta kigoda. Kwa upole, kama anayeulizia mbuzi waliopotea, akataka kujua hao ni watoto wa nani na walikosa nini. Neema akasema ni maadui. Nani kamwambia? Hakuna, wakitokea tu unawapiga. Ndipo mama akanigeukia na swali lilelile. Nikamweleza kwamba si watu, ni picha tu, kisha nikaingia kwenye wepesi wa vidole na ukuaji wa akili, kwa dakika kama tano hivi.

"Sijakuuliza faida yake, mwalimu. Nimekuuliza wamekosa nini."

Sikujua. Gemu ilikuwa hatua tatu kutoka mezani kwangu, miezi miwili sasa, na sikuwahi kuitazama.

"Basi jioni naondoka naye. Huku hana mzazi, ana mpangaji mwenzake."

Mama hakuwa mtu wa kutishia. Mpwa wangu alichukuliwa naye hivyo hivyo kwa likizo moja, akarudi kwao ameota ndevu. Nikaomba sana. Akakubali kunipa nafasi moja: nikae chini nicheze, na ugali ukiiva niwe na jibu.

Nilikufa mara saba kabla sijajua kitufe cha kurukia. Neema alinionea huruma.

"Baba, wewe unakufa hata hawajakugusa."

Kisha nikaanza kuwapata. Nikaua wa kwanza, nikaua wa pili, na kilichofuata sikikumbuki vizuri. Betri ilipozima nilijikuta nimepiga magoti, shati limelowa. Neema hakuwepo. Kumbe alikuwa jikoni zamani, anachambua mlenda na bibi yake. Kuku alikuwa ametoka kapuni, amesimama juu ya makala yangu, ameshaihariri kwa namna yake. Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amenikaribisha chakula mara tatu, sijaitika.

"Haya mwalimu. Walikosa nini?"

Bado sikujua, na nilikuwa nimeua sitini.

"Basi wa kwenda Kinyangiri ni wewe."

Nilikwenda, mwanangu, nikachunga mbuzi likizo nzima. Neema nikaachiwa, kwa sharti kwamba asicheze bila mimi kukaa pembeni. Niliporudi nikawa nakaa, nauliza kila anayeanguka kakosa nini, mpaka mtoto akachoshwa na maswali, gemu akaiacha mwenyewe.

Kwa hiyo nakuasa: usimnunulie mtoto kitu ili akuache. Kijaribu kwanza wewe. Kama kinakusahaulisha chakula na mama yako, mtu mzima na shahada zako, ujue yeye kitamfanyaje. Halafu kaa naye, uulize, usikilize jibu. Kazi hiyo usimwachie mwenye duka, wala bibi.

Mungu akujalie watoto wanaokusimulia walivyoshinda, na akupe nafasi ya kuwasikia. Na siku mama yako atakapopiga hodi na kuku wake, akukute unalo jibu.