Tulipanda Ndege Tuliyoitengeneza

Asubuhi ile mimi na Kamau tulikunywa chai chini ya bawa la ndege, tukibishana kama mahindi ya kwao Ngoliba yatapata mvua. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakipambana na wapiganaji wa Kikuyu msituni. Tulikuwa makanika kwenye uwanja wa ndege karibu na Thika, na kazi yetu ilikuwa ndege moja kuukuu iliyopeleka askari na chakula kwenye kambi za milimani. Vipuri havikuja. Amri ilikuwa moja: iwe tayari kuruka wakati wowote. Basi tuliunga, tukaziba, nayo ikaruka.

Siku hiyo ilirudi ikitoa moshi. Injini ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta.

Afisa Mzungu aliwapita makanika wengine, akasimama mbele yetu sisi Wakikuyu wawili.

"Nani amekata huu mpira wa mafuta?"

"Haukukatwa, bwana," Kamau alisema. "Umezeeka, umepasuka wenyewe."

"Tengenezeni. Halafu mtapanda nayo."

Tulifunga mpira mwingine, nao mkuukuu. Spana iliniponyoka. Kamau alirudia kila nati niliyokaza.

Tukapanda.

Sikuwa nimewahi kuruka. Tulishika kamba, tumekaa sakafuni. Dirishani niliona mashamba ya mkonge, na reli ya kwenda Ruiru imekuwa nyembamba kama uzi.

Injini ya kushoto ikakohoa.

Kamau alianza kuomba kwa Kikuyu. Mimi hata kuomba nilishindwa.

Ikazima.

Tulitua na injini moja, tukirukaruka kwenye nyasi. Niliteremka nikatapika. Kamau alinishika bega akicheka. "Tuko hai, ndugu yangu!" Nilidhani yamekwisha. Nani angeharibu ndege anayoipanda mwenyewe?

Lori la askari lilikuwa linangoja. Afisa alimnyooshea Kamau kidole, kwa kuwa ndiye aliyekaza nati za mwisho. Walimpandisha mikono ikiwa bado na grisi. Mimi niliambiwa nirudi kwenye injini. Nilirudi.

Kabla ya kafyu nilifika Gitothua kwa mke wa Kamau, Nyambura. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto mgongoni.

"Alikuwa na koti?" akauliza.

"Hapana. Shati tu."

Kambi za kizuizini zilipofungwa, wengine walirudi. Kamau hakurudi, wala hatukuambiwa alipozikwa. Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Hunitembelea akitaka kujua baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Namweleza ninayoyajua. Huwa yanaisha kabla chai haijapoa.