Mpaka Uliopandwa kwa Chakula

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, greda liliingia kwenye ua wa minyaa uliotenganisha shamba la bibi yangu na la jirani. Nilikuwa nimetoka Musoma alfajiri kuja kulizuia. Sikufaulu. Utomvu mweupe ulitapakaa kwenye matairi, na harufu yake kali ikanirudisha utotoni kabla sijapata nafasi ya kukasirika.

Unapajua hapa, rafiki yangu. Ukitoka Bunda mjini kuelekea Guta, ardhi inateremka polepole hadi unaliona ziwa. Nilipozaliwa tulikuwa kitongoji tu. Tukafanywa kijiji. Kisha kata ikakatwa vipande viwili: shule ikabaki huku, zahanati ikaenda kule, na mwalimu akawa anatuuliza darasani sisi ni wa kata gani. Ukikosea, fimbo. Mji ulipopanuka tukaambiwa sasa ni mtaa, na ng'ombe hawatakiwi. Kila mara walikuja na kibao kipya cha kusimika. Hakuna aliyekuja na bomba la maji.

Yote hayo hayakuigusa minyaa. Kwetu, mpaka ulipandwa na nyumba zote mbili kwa pamoja, na watoto wa pande zote waliitwa kula kwenye kila kona. Bibi alisema mtoto husahau alichoambiwa, hasahau alipokula. Kona ya barabarani tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, hadi vidole vikanata. Kona ya kati tulikula furu, samaki wadogo wa ziwani wenye miba ya kukera. Kona ya chini, penye pamba, ulikuwa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, mikono ya nyumba mbili kwenye bakuli moja. Baada ya hapo sikuwahi kusikia mtu akigombania hata hatua moja.

Asubuhi ile nilimwonyesha mpimaji kona zote. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mzee wangu, hizi hazipo kwenye ramani. Mpaka wa kata mpya unanyooka."

Binti wa yule jirani wa zamani, ambaye sasa naye ni bibi, alisimama mbele yake na jembe begani.

"Wewe mtoto, sisi hapa tulikulaga. Hiyo ramani yako ilikulaga nini?"

Watu walicheka. Dereva wa greda naye alicheka, lakini hakuzima injini.

Mstari ulionyooka uliihamishia kona yetu ya chini upande wa yule mama mwenye jembe. Yeye hakuitaka. "Lima tu, kaka," aliniambia, "mimi najua ni yenu." Lakini wanawe hawakuwahi kula pale, wala wapwa wangu. Mvua za kwanza ziliponyesha, walikutana pale na mapanga, na mpwa wangu mkubwa akapoteza vidole viwili. Kesi haijasikilizwa. Sisi ni wa kata mbili, na kila baraza la kata linatutuma kwa lenzake.

Mimi na yule mama tukikutana sokoni tunasalimiana kwa sauti ya chini, kama wezi. Nilipofuatilia fidia halmashauri, niliambiwa minyaa ni magugu, ila kwa huruma wangelipia gharama ya uzio. Walinipa shilingi elfu kumi na nane.