Rangi ya Kucha kwenye Bolti

Mimi hushona viti vya magari, na kwa miaka kumi na mmoja nimegawana ukuta na mtu anayeshuku hata mswaki wake. Tunamwita Hebu. Ni fundi wa injini, mrefu, mkavu, na kauli zake zote huanza na neno hilo: hebu nione, hebu fungua, hebu rudia ulivyosema. Ukimpa chai, huinusa kwanza. Ukimsalimu, hukutazama kidogo kabla ya kuitikia, kana kwamba salamu yenyewe umeiiba mahali.

Sisemi hivi kwa chuki. Katika kazi yake shaka ni mali. Mteja akidai kwamba gari limeanza kugonga jana, Hebu hujua ni tangu mwezi uliopita, na mara nyingi huwa kweli. Tatizo ni kwamba akitoka gereji hatoki na mikono tu, hutoka na shaka lake pia.

Ana utaratibu wake. Kila bolti anayoikaza huipaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa cha bolti na nusu kwenye chuma kilicho chini yake. Mtu mwingine akija kuifungua, mstari hukatika, na Hebu humjua mwongo bila kuuliza. Kichupa cha kwanza, chekundu, alipewa na dada yake mdogo. Huyo dada ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Wazazi walishatangulia, na kuoa hakuoa, nadhani kwa kukosa wa kumwamini. Jumapili hula kwa dada yake, na Jumatatu asubuhi ndiyo siku pekee ninayomsikia akipiga mluzi.

Mume wa dada ana gari lenye turbo, na kila alfajiri huwapeleka walimu wanne kwenye shule iliyo juu ya mlima. Msimu wa joto gari lilikuwa linahema likipanda. Hebu alinieleza sababu, nami nawaeleza kama nilivyoelewa: turbo hushindilia hewa ndani ya injini, na hewa ikishindiliwa huwa ya moto, na hewa ya moto haina nguvu. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, ambayo ni kama rejeta ndogo inayopozwa na upepo. Ile ya zamani ilikuwa na ukubwa wa kitabu, imejificha pembeni. Hebu akaing'oa na kufunga nyingine pana kama mlango wa kabati, mbele kabisa, kifua wazi kwa upepo. Gari likapanda mlima kama limeitwa na mama yake. Wiki hiyo Hebu alipiga mluzi hadi Alhamisi.

Kisha ikaja baridi. Mji wetu uko juu, na miezi hiyo maji yaliyolala nje kwenye ndoo huamka na utando wa barafu. Gari likaanza kukohoa. Halikukohoa mjini, lilikohoa mlimani, shemeji alipokanyaga mafuta. Likifikishwa gereji mchana, linanguruma vizuri kama halijui kitu. Mara ya tatu Hebu akafungua bomba la chini la intakula, na humo yakatoka maji, karibu nusu kikombe, yenye ukungu wa oili.

Alinijia na maji yale kwenye chupa ya jemu. Akaniuliza yanaingiaje kwenye bomba lililofungwa. Nikasema labda mvua. Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka siku hiyo mimi nilikuwa wapi.

Mistari yote myekundu ilikuwa mizima. Mtu mwenye akili tulivu angesema basi, hakuna aliyefungua. Hebu alisema aliyefungua amepaka upya. Na ili upake upya unahitaji rangi ile ile, na rangi ile ile iko kwenye meza ya kujipambia, chumbani kwa dada yake. Sasa katika chumba hicho analala nani mwingine? Shemeji alikuwa ameshaanza kutajataja gari jipya. Akiua injini hii na lawama zikaenda kwa fundi, si atakuwa amepata njia?

"Kikulacho ki nguoni mwako, jirani," aliniambia.

Nilimwambia aache. Nilimkumbusha kwamba nyumba ile ndiyo pekee duniani anakowekewa sahani bila kupiga hodi, na akiichafua hana nyingine. Hakunisikia, au alinisikia akanishuku na mimi.

Yaliyotokea Jumapili alinisimulia dada mwenyewe, macho yamevimba. Hebu alisubiri vyombo viondolewe, akaweka chupa ya maji mezani, akamwambia shemeji hebu nieleze. Shemeji akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Ndipo Hebu akamwomba dada yake alete kichupa chake cha rangi, apime imepungua kiasi gani.

Dada aliinuka, akakileta, akakiweka mbele yake taratibu.

"Kichukue, kaka. Na kuanzia leo, Jumapili ule kwako."

Shemeji aliweka funguo za gari kando ya kichupa. Alisema hawezi kuendesha gari analoshukiwa kuliua.

Mngedhani Hebu angejirudi. Wapi! Alilifungia gari gerejini kwake, ufunguo akautundika shingoni. Akakausha intakula, akaifunga, akapaka bolti rangi ya kijani aliyoinunua mwenyewe mtaa wa mbali, bila kumwambia mtu. Asubuhi akawa anawapeleka walimu yeye. Siku ya tatu akaniomba niende naye niwe shahidi. Nilikwenda kwa umbea, sikatai.

Katikati ya mlima gari likakohoa, likajikwaa, likafa. Walimu wakashuka wakifikicha viganja. Hebu akalala chali juu ya ardhi iliyoganda, akamulika. Mistari ya kijani yote mizima. Akalegeza bomba, na maji yakammwagikia kwenye mkono, pamoja na vipande vya barafu vyembamba kama vigae vya kioo.

Nilimwona anavyowapitia watu kichwani, mmoja mmoja. Alikuwa amebakiza mmoja tu ambaye hajawahi kumshuku.

Alinieleza huku bado amelala. Injini hupumua mvuke na oili kidogo, na pumzi hiyo hurudishwa ndani ikaunguzwe upya. Kwenye joto hupita tu. Kwenye baridi, intakula ile kubwa iliyokaa kwenye upepo huigeuza maji, maji hutuama chini, huganda, na dereva akikanyaga mafuta, injini huyameza. Ile ndogo ya pembeni haikuwahi kupoa kiasi hicho. Aliipima kazi yake kwa jua, akasahau kwamba mwaka una miezi mingine.

"Nyani haoni kundule," nilisema. Nilishindwa kujizuia.

Siku hiyo hiyo alitoboa tundu dogo chini ya intakula maji yapate kutoka, akafunga kopo la kunasa mvuke, na nusu ya mbele akaiziba upepo kwa mpira aliokata kwenye kapeti la gari bovu. Kisha akaniomba nimpelekee dada yake ufunguo. Hapo nilikasirika kweli. Nikamwambia mdomo uliokwenda kushtaki una miguu yake. Nilikubali kumsindikiza tu.

Dada alifungua mlango, hakusema karibu. Shemeji akatokea nyuma yake. Hebu akaanza: mvuke, oili, upepo, barafu, mikono inachora hewani. Aliongea hadi nikaona haya mimi.

"Umemaliza, kaka?" dada aliuliza.

Hebu akashusha mikono. "Nimekosea mimi. Si intakula. Mimi."

Shemeji alikuwa anachezea ufunguo aliopewa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Shemeji, ile mistari yako myekundu nilikuwa naifuta vumbi mwenyewe, kwa kitambaa. Waosha magari niliwakataza kugusa hapo miezi yote hii. Nilijua siku moja utakuja kuikagua. Nikataka uikute mizima."

Nimewahi kuona jeki ikimponyoka Hebu ikamwangukia mguuni, na hakupepesa macho. Safari hii aliinamisha kichwa na machozi yakamtoka, hakujaribu hata kuyaficha.

Baadaye akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akainama pale kwa muda. Tulidhani anakagua.

"Dada," alisema, "hebu niletee ile dawa yako ya kutolea rangi ya kucha."

Dada aliingia ndani, akarudi nayo pamoja na pamba. Hebu akafuta bolti zote, moja moja, mbele ya shemeji yake.