Mjusi Katika Tanuri la Mahalati

Mahalati alikuwa jirani yangu, ua mmoja, kisima kimoja, na anayesema alikuwa mchafu aje aniambie mimi usoni. Tangu mumewe afariki alikuwa akiwaokea watu mikate mtaani kwetu, pamoja na nyumba ya kuhani Imeri. Na mkate wa kuhani si mchezo: unga wake ni fungu takatifu, ukinajisika ni wa kuchomwa moto tu. Maskini, alinawa mikono mpaka ngozi ikambabuka. Kwa usafi huo Imeri na mkewe, Hogla, wakakubali kumposea mwana wao binti yake, Yiska.

Siku ya kufunga maneno, wageni wameshaketi ndani, Mahalati akaniita bandani. Uso umemparama.

"Shoga, tazama. Usipige kelele."

Mikate ilikuwa imeshatoka. Alikuwa akikwangua majivu, na chini yake palikuwa na mjusi, amekufa.

"Uwii, mama yangu!"

"Tanuri limekwisha," akasema. "Na mikate hii yote."

Kwetu hata mtoto anajua. Mzoga wa mjusi ukianguka ndani ya chombo cha udongo, hata tanuri, chombo hakioshwi, kinavunjwa, na kilichomo hakiliwi. Hata hivyo nilimwambia amtupe jaani, nani kaona? Hata leo ningesema vilevile, na anayenuna anune.

"Binti yako anaposwa leo, we mwanamke! Funga mdomo."

"Nimlishe kuhani najisi, halafu nimpe na mtoto?"

"Kwani atakufa?"

Alijifuta mikono, akaingia ndani, na kabla Imeri hajaumega mkate akasema yote. Nilikuwa mlangoni, roho mkononi. Imeri aliuweka mkate chini taratibu, hata hakufoka. Nikaanza kudhani tumepona.

Hogla ndiye aliyeinuka. Akaja bandani, nasi nyuma yake, akaokota kijiti, akamgeuza yule mjusi, mara moja, mara ya pili.

"Huyu kakauka," akasema. "Huyu hakufa leo."

"Bibi, mimi nimemwona leo tu."

"Tanuri unakwangua lini?"

Mahalati akamtazama. Hakuwa mwongo, ndiyo balaa lake. "Likijaa majivu, Bibi. Kila siku siwezi."

"Basi tumekula mikate yako tangu lini, na mjusi yumo?"

"Sijui."

"Mjukuu wangu anaungua homa tangu mwezi uandame." Sauti ya Hogla ilikuwa ya chini mno. "Hali chochote ila mkate uliochovywa kwenye maziwa ya mbuzi. Mkate wako, Mahalati."

"Ningejua ningenyamaza, Bibi? Mbona leo nimesema?"

"Leo umesema kwa sababu leo umeonekana na jirani."

Nikaruka. "Aka! Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze!" Basi nikawa nimemwagia moto mafuta, maana Hogla alinitazama mimi, akamtazama yeye, akakung'uta pindo la vazi lake. Imeri akamfuata. Hakuna aliyeaga. Posa ikafa pale pale, na mimi nikalia kwa hasira.

Yiska ndiye aliyechukua mchi. Mama yake akamshika mkono, akamwambia ni kazi yake yeye. "Nipishe, mama," binti akasema, akalipiga tanuri mpaka likawa vigae, machozi yanamdondoka kwenye majivu. Mikate ya fungu la kuhani tukaichoma nje ya ua, nayo ilinukia vizuri, laana!

Jua lilikuwa bado juu tuliposikia vilio kutoka nyumba ya kuhani, kwanza mwanamke mmoja, kisha wengi. Watu mtaani wakaanza kutoka milangoni. Hawakutazama kule vilikotoka vilio. Walitutazama sisi.

"Mama," Yiska akauliza, "watakuja?"

Mahalati akatuvuta ndani. Akainama, akaanza kulisukuma jiwe la kusagia lizibe mlango, akaniita nimsaidie.