Bati la Studio ya Newala

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Newala kuniambia kwamba yule bwana wa studio amefariki. Nilisema maneno yanayopasa kusemwa, kisha nikakaa kitandani, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanisamehe, swali la kwanza lililonijia ni kama atazikwa na watu wengi. Nilisafiri kwenda kuzika. Walikuwa wengi, wamejaa hadi barabarani, na pale pale makaburini moyo uliniuma kwa wivu. Kumwonea wivu marehemu si kazi rahisi, lakini mimi nilikuwa na mazoezi ya miaka mingi.

Tulikuwa walimu wa shule moja. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilipoingia, na vituo vya televisheni vya watu binafsi vikaanza kutafuta michezo ya kuigiza, chama cha ushirika kilikuwa hoi na ghala lake la korosho ukingoni mwa mji limebaki la popo. Mimi ndiye niliyesema, tukinywa chai ofisini, kwamba ghala refu namna ile, lisilo na nguzo katikati, lingefaa kupigia picha. Nilisema, nikarudi kusahihisha madaftari. Yeye akaandika barua ya kulipanga. Haukupita muda akaacha ualimu, akatundika magunia ya korosho ukutani ili sauti isirudi, akanunua kamera iliyokwisha kutumika, na kanda zake zikawa zinapanda basi kupitia Masasi hadi Dar es Salaam. Likizo moja, sebuleni kwa kaka yangu huko Dar, nikamwona kwenye televisheni muuza mihogo wa Mkunya akiigiza mkuu wa wilaya, na aliuweza ukuu kuliko wakuu wenyewe. Kaka yangu alicheka sana. Mimi niliomba maji ya kunywa.

Niliporudi nilikwenda kumtembelea, yaani kutafuta kasoro, na Mungu si Athumani, nikaipata. Mvua ilishuka, bati likapiga kelele hata aliye karibu humsikii, kazi ikasimama. Mkuu wa wilaya akavua koti, akakunja suruali, akatoka na karani wake wa mchezoni kuzibua mifereji ili maji yaende kwenye tangi kubwa lililoachwa na ushirika. Wiki hiyo nikaandika katika safu hii kuhusu studio inayofungwa na mvua, ambayo mwenyewe hana akili hata ya kuezeka nyasi juu ya bati kuua kelele. Sijawahi kuandika kitu kikasomwa kama kile. Baadaye kituo kilichokuwa kikinunua michezo yake kikaacha, na sikuthubutu kuuliza sababu. Tulipokutana sokoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Umeandika vizuri, Mwalimu,” akasema. “Watu wamecheka.” Afadhali angenitukana. Studio ikahamia kwenye harusi, halafu ghala likarudi kuwa la korosho.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia kumpa pole mjane wake. Sijui nilipatwa na nini, nikasema kwamba lau marehemu angeezeka zile nyasi angefika mbali. Mama wa watu alinitazama bila hasira.

“Shemeji, nyasi zililetwa, gari zima, kutoka Chilangala,” akasema. “Zilikaa uani mwezi mzima, mwisho akawagawia watu. Alisema akilifunika bati, tangini kutaingia nini? Na majirani watateka wapi?”

Mmoja wa majirani hao nilikuwa mimi. Aliyeishi Newala anajua kiangazi chake, jinsi watu wanavyoshuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mke wangu hakushuka. Aliteka kwenye tangi lile, bure, na chai niliyokunywa nikiandika dhihaka zangu ilipikwa kwa maji yale.

Nimejifunza kwamba mwenye wivu huchungulia nyumba ya mwenzake maisha yake yote na bado haijui. Mjane aliniambia kwamba hata maji ya kumwoshea mumewe yalitekwa pale. Siku yangu ikifika, nikirudishwa Newala kuzikwa, nami bila shaka nitaoshwa kwa maji ya bati la mtu huyo, na hilo nalo, wasomaji wangu, namwonea wivu.